Mmebeba Nini?

Mjini Kibiti bodaboda ni wengi kuliko sababu za mtu kutembea kwa miguu. Ukisimama kando ya lami, hata kama unangoja muhindi wako uive, utaulizwa unakwenda wapi. Ukijibu huendi popote, utaulizwa unatoka wapi. Na ukisema, kama tulivyosema sisi, kwamba unakwenda upande wa Ruaruke na kuendelea hadi majini, kwa miguu, kwa hiari yako mwenyewe, kijana atazima injini kabisa, jambo ambalo bodaboda hafanyi ila kwa msiba au kwa trafiki.

"Mzee, bei isikutishe," aliniambia. "Kwani mna shilingi ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, binamu yangu akajibu kwamba fedha tunazo, tena za kutosha. Hapo ndipo alipoharibu. Asiye na nauli akitembea anaeleweka, na huenda akapakiwa bure. Mwenye nauli mfukoni akiamua kutembea ana lake jambo. Vijana wa kijiweni walianza kutukagua kuanzia viatuni. Viatu vya binamu vilikuwa vya kupandia milima. Kibiti haina mlima.

Wazo la safari lilikuwa lake, na alilitoa Uingereza alikosoma. Kule kuna njia ya waenda kwa miguu inayofuata ukuta wa Hadrian, mfalme wa Warumi, kutoka pwani hii ya kaskazini mwa nchi hadi pwani ile, kilomita 135, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2003. Watu wazima wenye kazi na magari yao huomba likizo waipite yote, wakinyeshewa, wakitoka malengelenge, wakigongewa mihuri kwenye vijitabu ili nyumbani waaminiwe. Binamu aliipita. Aliporudi alipima ramani kwa kidole, akaona kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni karibu umbali ule ule, na tangu siku hiyo hapakuwa na arobaini wala harusi ya ukoo wetu ambayo hakuhubiri habari hiyo. Vita vya Maji Maji tunavyo! Manowari ya Mjerumani tunayo! Mikoko tunayo! Tunakosa nini?

"Ukuta," shangazi alimjibu.

Shangazi angeweza kuongeza kwamba mwaka ule ule wa 2003 nasi tulifungua cha kwetu: Daraja la Mkapa, pale Ndundu, karibu kilomita nzima juu ya mto Rufiji, likawaondolea wasafiri wa kusini adha ya kungoja kivuko. Waingereza walifungua njia ili watu watembee. Sisi tulifungua daraja ili watu wafike. Kila taifa na shida zake.

Tarehe aliichagua yeye pia, 11 Julai, kwa sababu ndiyo siku manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipozamishwa ndani ya delta ya Rufiji mwaka 1915. Alitaka tuanzie Kibiti asubuhi na jioni tuwe Salale, jirani na mahali meli ilipolala. Kwenye simu yake umbali huo ulikuwa shibiri moja. Mkosi wa kwanza, hata hivyo, haukusubiri Kibiti. Basi liliposimama Mkuranga alinunua pakiti ya korosho dirishani, akatafuna moja, na gego lake la nyuma, lililokuwa kimya tangu Ramadhani, likaamka. Kutoka hapo hadi Bungu alisafiri ameshika shavu, huku abiria wa kiti cha mbele wakigombana kama dawa ni karafuu au ni maji ya chumvi.

Basi tukaanza kutembea. Wenye njia zao za Ulaya hutembea kilomita tano kwa saa. Kwa Wandengereko, wenyeji wa huku, hesabu hiyo haifanyi kazi, maana hakuna hesabu ya salamu ndani yake. Huwezi kupita mbele ya nyumba ya mtu umenyamaza. Unaamkia. Aliyeamkiwa anaitikia, anauliza habari za utokako, anauliza za nyumbani, anauliza za watoto; nawe huwezi kuondoka bila kuuliza za kwake. Kisha anatoka jirani aliyekuwa anamenya muhogo nyuma ya nyumba, mnaanza upya. Kufikia saa nne nilikuwa nimesema shikamoo nyingi kuliko mwaka mzima wa Mbagala, na nikitazama nyuma bado niliuona mnara wa simu wa pale tulipoanzia.

Chini ya mwembe mmoja bibi aliyekuwa akipeta mpunga alitusimamisha kwa ungo.

"Mmebeba nini, wajukuu zangu?"

"Hatujabeba kitu, bibi. Tunatembea tu."

Akaweka ungo chini. "Mmefiwa?"

Tukamwambia hatujafiwa. Akauliza kama gari letu limeharibika, tukasema hatuna gari. Akauliza kama ni nadhiri, maana aliwahi kusikia habari ya mtu aliyeapa kwamba akipona atakwenda kwa miguu mpaka Kilwa. Binamu, ambaye jino lilikuwa limemchosha, akasema ndiyo, ni nadhiri. Bibi akaridhika kabisa, akatuombea dua, akatupa mihogo ya kuchemsha tule njiani. Kuanzia hapo tulikuwa na jibu, ila lilikuwa na dosari yake: kila aliyeambiwa alitaka kujua tumepona nini.

Nimelifikiria sana swali la bibi yule. Binamu aliliona ni udadisi wa kijijini. Mimi naona lina elimu ya historia kuliko vipeperushi vyote alivyokusanya. Katika nchi hii hakuna aliyewahi kupita kwa miguu mikono mitupu. Vizazi kwa vizazi wanaume waliingia mikokoni kukata boriti, wakazibeba begani kwenye tope hadi majahazini, zikavuka kwenda Unguja, Uarabuni na Ghuba. Vyumba vya nyumba za mawe za huko vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Mtu wa Rufiji ndiye aliyekuwa akiamua kitanda cha tajiri wa Muskat kikae wapi, na hakupewa shukrani.

Mwaka 1905, watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu walitoka vijiji vya mbali kwenda Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale, wakarudi makwao na maji ya dawa. Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walimnyonga Mohoro, mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinawaka.

Kisha ikaja hiyo manowari, na hapo ndipo ninapouvulia kofia kila mguu uliowahi kukanyaga njia hizi. Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, halafu mitambo yake ikagoma, ikaja kujificha katika mifereji ya delta. Mafundi walikuwa Dar es Salaam. Barabara haikuwapo. Basi vipande vya mitambo vikakokotwa na watu nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa kurudi. Hebu msomaji fikiria: wewe kupeleka friji kwa fundi mtaa wa pili unaita kirikuu. Baadaye, Waingereza walipoleta Severn na Mersey, meli za kina kifupi za kwenda kwenye maji haba, pamoja na ndege za kuwaelekeza mahali pa kupiga, Königsberg ikazamishwa na nahodha wake mwenyewe, Max Looff, isitekwe. Lakini mizinga yake 10 ikaopolewa na kukokotwa na watu wale wale, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Mizinga ina vibao vya maelezo. Waliokokota hawana hata kijibao.

Kwa hiyo watu wawili wenye afya, waliobeba mikate na chupa za maji, wakipita njiani na kusema hatujabeba kitu, wanastahili kuulizwa kama wamefiwa.

Haya yote nilikuwa namweleza binamu, lakini hakuwa nami. Alikuwa ameona njia ya mkato. Ramani ilionyesha kwamba barabara inazunguka, naye akaingia kichakani kwa uhodari wa mtu aliyepita ukuta wa Warumi. Nilisikia majani yakichakarika, kisha kimya, kisha jina la mama yake.

Upupu. Asiyeujua ashukuru. Ni mmea unaotambaa, na Julai vitumba vyake hukauka vikiwa vimevaa manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kwa macho, ambayo upepo mdogo tu unatosha kuyapeperusha. Binamu alikuwa amevipitia kwa bega, shingo na mkono ule ule ulioshika shavu. Akatoka njiani anajikuna kwa mikono miwili, na hapo nikagundua kwamba maumivu ya jino yana dawa: mtu hawezi kuwa na mikono minne.

Watoto walitokea nisikokujua. "Usijikune!" walipiga kelele kwa pamoja, wakiruka kwa furaha. "Usitie maji!" Alikuwa ameshatia maji, chupa nzima, ya kunywa, yangu. Mama mmoja akaja na majivu kwenye kifuu, akampaka kuanzia masikioni hadi kiunoni kwa mkono usio na huruma, huku akimgombeza kwamba mtu mzima hupita penye njia. Mzee mmoja akashauri mavi makavu ya ng'ombe. Binamu akasema majivu yanatosha. Akawa amesimama katikati ya kijiji, mweupe, akipumua kwa meno, na bibi mmoja aliyefika amechelewa akauliza wenzake kama huyu ndiye mganga mpya.

Mgeni wa sura hiyo hawezi kupita bila kuandikwa. Tukapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na hapa niseme jambo moja bila mzaha. Mwaka 2017 wilaya hii ilipitia kipindi kibaya: viongozi wa vijiji na askari waliuawa, wakiwemo polisi wanane waliovamiwa kwa siku moja mwezi Aprili. Watu wanaotokeza kutoka porini na mabegi mgongoni wanaulizwa vitambulisho, na ni haki ya wenyeji kuuliza. Tulitoa vitambulisho kabla hatujaombwa. Mwenyekiti akavisoma pande zote mbili, akafungua daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula.

Jina halikuwa na tatizo. Atokako, vilevile. Tukafika kwenye safu ya shughuli.

"Kutembea," alisema binamu.

"Kutembea kwa nani?"

"Kwa… hatuna mwenyeji, mheshimiwa."

"Kwa hiyo ni watalii."

"Si watalii hasa."

"Watafiti? Maana mtafiti awe na barua ya wilaya."

Hakuna safu ya mtu anayekwenda kwa sababu ya kwenda. Nikaona tutalala pale, nikasema tunafuata meli iliyozama. Uso wa mwenyekiti ukabadilika. Meli kuzama ni jambo linaloeleweka. Akaandika, kwa heshima na kwa pole, akauliza ilizama lini.

"Mwaka 1915."

Kalamu ikasimama. Akatutazama, mmoja mmoja, akimalizia na yule mwenye majivu.

"Mmechelewa," alisema.

Pembeni kwenye benchi walikaa wazee wawili. Mmoja aliona namna binamu alivyorudi kushika shavu, akauliza kama ni jino. Binamu akaitikia kwa kichwa. Wale wazee wakatazamana, wakasogea hadi mwisho wa benchi, wakaniachia mimi nafasi yote ya kati.

"Simba wetu naye alianza hivyo hivyo," akasema mmoja.

Kisa ni cha kweli. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, siku hizo Kibiti ikiwa bado ni sehemu ya wilaya hiyo. Watu walimwita Osama. Alipouawa, Aprili 2004, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego, na wataalamu wakasema huenda maumivu yale ndiyo yaliyomfanya aache nyati wenye mifupa migumu. Wazee walisimulia kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi, wakitaja nani alitolewa dunguni na nani alinusurika. Walipomaliza, mmoja akamwambia binamu kwa sauti ya upole kwamba chakula kiko tayari, ale ashibe.

Tukala. Wali wa nazi, mpunga wa bondeni, na kambale wa kukaushwa aliyeungwa akaungika. Binamu alitafuna upande mmoja na bado alinishinda. Mwenyeji wetu alisimulia utoto wake bondeni, jinsi familia zilivyoishi kando ya mto, mpunga ukifuata mafuriko na mahindi yakifuata maji yakishuka, mpaka mwaka 1968 na 1969 serikali ilipowahamisha watu waende kwenye vijiji vipya vya juu. Wakahama. Mashamba hayakuhama. Basi mtu akawa na nyumba juu na riziki chini, na msimu ukifika familia nzima inashuka kwenda kulala dunguni, kwenye kibanda cha miguu mirefu, kufukuza ndege mchana na nguruwe na viboko usiku. Ule mwendo wa kupanda na kushuka, na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, ndio mwendo mrefu wa Kibiti ninaoujua mimi. Haukufunguliwa na waziri.

Baada ya sahani ya pili hapakuwa na cha kusema juu ya kutembea. Nje lilikuwa limesimama kirikuu lililokuwa likienda majini kufuata samaki, na mwenyekiti alikuwa ameshatupangia nafasi. Binamu alijaribu kueleza kwamba masharti ya safari hayaruhusu gari. Dereva akamuuliza hayo masharti kayatoa nani. Akakosa jibu, akapanda, akakaa juu ya ndoo za barafu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anatabasamu, maana alikuwa amebandika shavu kwenye barafu.

Tulifika penye mitumbwi saa tisa na nusu na kukuta maji yametoka. Ramani ya simu inajua njia, haijui maji kujaa na kupwa. Mbele yetu palikuwa na mkondo mwembamba, na kati yetu na huo mkondo uwanja wa tope jeusi lenye mizizi ya mikoko. Mikoko ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, ndiyo mingi kuliko popote pengine katika pwani ya Afrika Mashariki, na siku hiyo nilihisi yote imekusanyika pale kututazama. Wavuvi walikuwa wakipita peku, wepesi, tope likiwafika kwenye kifundo. Binamu akasema viatu vyake vimetengenezwa kwa ajili ya mazingira magumu. Hatua ya kwanza akazama hadi muundi. Ya pili akazama hadi goti. Ya tatu mguu ulitoka, kiatu hakikutoka.

Vijana wawili wakachimba kwa mikono, wakachimba kwa pondo, wakachimba tena kwa kafi. Tope lile halirudishi kitu.

"Kimekwenda kuungana na meli," alisema mwenye mtumbwi.

Nikamuuliza hiyo meli ikoje, kama maji yakijaa tunaweza kuiona. Alicheka hadi akakaa. Meli? Wakubwa wameikatakata na kuuza chuma tangu enzi za Mwingereza, na mabaki, kiwiliwili kizima kilichokuwa kimelalia ubavu, yalididimia chini ya mto katika miaka ya sitini. Kwa miaka mingi sasa wageni wanakodi boti kwenda kuonyeshwa maji. "Tunawaonyesha," alisema. "Pale, tunawaambia. Wanapiga picha."

Binamu, na kiatu kimoja, akaomba aonyeshwe hata uelekeo. Mwenye mtumbwi akanyoosha kidole upande wa mikoko. Binamu akapiga picha ya mikoko. Kisha kirikuu likapiga honi, samaki walikuwa wameshapakiwa, na barafu yote ilikuwa kazini.

Jino liling'olewa wiki ile ile. Kiatu kilichobaki anacho, na katika shughuli za ukoo bado anahubiri, ila sasa anataka njia ianzie Utete.

Msimamo wangu ni kwamba njia hiyo ifunguliwe. Halmashauri ya Kibiti haina haja ya ukuta. Kibao kimoja kinatosha, cha kuwataja waliokokota mitambo na mizinga ya Königsberg, hata kama majina yao hayakuandikwa na yeyote, na watu watakuja. Nawe ukienda, nenda kiangazi, vaa mikono mirefu kwa ajili ya upupu, peku uende majini, na mkononi uwe na kilo mbili za sukari kwa ajili ya nyumba utakayolishwa, maana utalishwa. Salale hakuendeki kwa saa ya mkononi. Uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Nauli mtapatana baadaye.